Fungua Kinywa Tuone

Katikati ya miaka ya 1990, nilipotoka chuo cha utabibu na kupangiwa hospitali moja ya wilaya mkoani Kagera, maabara yetu ilikuwa na hadubini moja ya kioo iliyotegemea mwanga wa dirishani, rangi za kupimia malaria na kifua kikuu, na vitu vichache vingine. Kipimo cha VVU kilitunzwa kwa ajili ya damu ya kuwaongezea wagonjwa. Mgonjwa wa kawaida angetolewa damu, chupa ikapelekwa mjini, na mara nyingi majibu yalirudi mwenyewe ameshazikwa. Kwa hiyo tulijifunza kuusoma mwili. Mwongozo wa kutambua UKIMWI tuliokuwa nao ulitokana na kikao cha Shirika la Afya Duniani kilichofanyika Bangui mwaka 1985. Dalili kubwa zilikuwa tatu: kukonda kupita sehemu moja ya kumi ya uzito, kuharisha zaidi ya mwezi, na homa zaidi ya mwezi. Miongoni mwa dalili ndogo kulikuwa na kikohozi kisichokoma, upele wa kuwasha mwili mzima, mkanda wa jeshi unaojirudia, mitoki, na fangasi wa kinywa na koo. Kubwa mbili na ndogo moja zikionekana, jina la ugonjwa liliandikwa kwenye faili.

Kwenye karatasi, fangasi wa kinywa waliwekwa kwenye kundi la dalili ndogo. Wodini, kwangu mimi, walizidi zile kubwa. Kukonda kuna sababu nyingi, na nyingine ni njaa tu. Homa ya mwezi mzima inaweza kuwa malaria iliyotibiwa nusunusu, au kifua kikuu. Lakini kijana wa miaka ishirini na kitu, asiyetumia dawa yoyote, asiye na kisukari, ukimkuta kaakaa limejaa utando mweupe, huyo kinga yake imeporomoka, na ni wajibu wako kuuliza imeporomoshwa na nini. Hata taarifa ya kwanza kabisa ya kitabibu kuhusu ugonjwa huu, iliyochapishwa Marekani tarehe 5 Juni 1981, ikieleza vijana watano wa Los Angeles waliopata homa ya mapafu isiyo ya kawaida, ilisema kwamba wote watano walikuwa na fangasi wa jamii ya Candida. Miaka miwili baadaye wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waliripotiwa Kagera. Nilipofika mimi, watu walikuwa wameshauita Juliana, jina la nguo za magendo zilizovushwa kutoka Uganda, na kila familia niliyoifahamu ilikuwa na kaburi.

Aliyenifundisha kuangalia kinywa alikuwa tabibu mzee, mtu wa maneno machache, aliyetembea na tochi mfukoni mwa koti lake jeupe na kununua betri kwa pesa yake. Kabla ya kuuliza habari za homa au kushika mkono wa mgonjwa kuhesabu mapigo, alisimama kando ya kitanda, akaamkiana naye, kisha akasema, "Fungua kinywa tuone, baba." Mgonjwa akifungua kidogo, mzee alingoja. "Zaidi kidogo. Toa ulimi nje. Uinue juu uguse meno. Sasa upeleke kushoto. Haya, na kulia." Meno bandia yalitolewa kwanza. Akichukua kijiti cha mbao, hakukishindilia katikati ya ulimi mgonjwa akatapika. Alikilaza pembeni, akalivuta shavu polepole, akamulika ndani ya shavu, kisha kati ya shavu na fizi, kisha kaakaa gumu, kaakaa laini, na mwisho koo. Ilichukua muda usiozidi wa kuandika jina la mgonjwa na kijiji chake. Sisi vijana tuliokuwa tukimfuata tulikuwa na haraka ya kufika kwenye mapafu na ini.

Kisha alichukua kipande cha gozi, akakizungusha kwenye kidole chenye glovu, na kufuta.

Kufuta ndiko kunakotenganisha mambo. Utando wa fangasi unakaa juu ya ngozi ya ndani ya kinywa kama mabonge ya maziwa ya mgando, na ukiufuta unatoka. Chini yake unaacha wekundu, mara nyingine na vitone vya damu. Mtoto mchanga aliyetoka kunyonya naye ana weupe ulimini, ila huo ni maziwa, unafutika mara moja na chini yake ulimi ni mzima. Bibi aliyeweka ugoro kati ya mdomo na fizi kwa miaka mingi anaweza kuwa na baka jeupe pale pale anapouweka. Hilo halifutiki, na linatakiwa kukatwa kipande kipelekwe kupimwa kwa kuwa linaweza kugeuka saratani. Kuna pia weupe unaokaa kwenye ubavu wa ulimi, wenye mistari iliyosimama wima, usiouma na usiofutika hata ukisugua. Huo madaktari wa San Francisco waliueleza mwaka 1984, na baadaye ikajulikana kwamba unaletwa na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, wala si fangasi. Nao unasema kwamba kinga imeshuka, lakini ukimpa mgonjwa dawa ya fangasi mwezi mzima hautaondoka, na wewe utaanza kumlaumu kwamba hamezi dawa. Nimewasikia watoa huduma wakigombeza wagonjwa kwa sababu hiyo hiyo. Kipande cha gozi kingewaepusha wote wawili na ugomvi.

Mzee alikuwa na kanuni nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kando ya kitanda hakutamka kamwe neno fangasi. Alifuta, akatazama, akaandika, akasonga mbele. Wodi zetu zilikuwa na vitanda vilivyokaribiana, na ndugu wa mgonjwa wa jirani walilala chini katikati. Ukisema neno lile kwa sauti, jioni limefika kijijini, na maana yake watu walishaijua: ameungua, amekanyaga miwaya. Mgonjwa anarudi nyumbani anakuta kikombe chake kimetengwa. Aliporudi peke yake baada ya mzunguko, mzee alivuta kiti, akakaa, na kuzungumza na mgonjwa kwa sauti ya chini. Nilimwona akifanya hivyo na wakulima, na watumishi wa serikali, na mwanamke mmoja aliyekuwa amefukuzwa kwao. Hakuna aliyepewa dakika chache kuliko mwingine.

Aibu hiyo ina athari kwenye uchunguzi wenyewe, na hapa ndipo nataka wenzangu wa kazi wasimame kidogo. Mgonjwa anayejua kwamba ulimi mweupe una maana mbaya atausugua kabla hajaja kliniki. Anatumia mswaki, chumvi, magadi, kitambaa, hata jani. Anafika kwako ulimi ukiwa mwekundu, umechubuka, na wewe unaandika kwamba kinywa ni kizuri. Nilijifunza kuuliza, bila ukali, "Dada, leo asubuhi ulimi umeusafishaje?" Wengi hutabasamu, kisha wanaeleza yote. Utando hujificha pia mahali ambapo mswaki haufiki, nyuma kabisa ya kaakaa na kwenye kona kati ya shavu na fizi ya juu, ndiyo maana tochi lazima ifike huko.

Tena, si kila fangasi wa kinywa ni mweupe. Hili ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa wanafunzi, kwa sababu kitabu kina picha ya weupe na akili inabaki na picha hiyo. Kuna aina nyekundu. Katikati ya kaakaa kunakuwa na baka jekundu lisilo na kingo kali, au katikati ya ulimi vile vinundu vidogo vidogo vinapotea na kubaki eneo laini, jekundu, linalong'aa. Mgonjwa anasema pilipili inamuunguza, chai inamuunguza, hata nyanya. Ukimulika haraka utasema ni koo tu. Aina hii inaweza kutangulia ile nyeupe kwa muda mrefu, na mtu akiipata mapema anapata nafasi ya kupimwa kabla hajadhoofika. Kuna pia mipasuko kwenye pembe za mdomo, pande zote mbili, ambayo watu wengi wanaidhania upungufu wa vitamini, na kweli upungufu wa damu na wa vitamini unaweza kuileta. Lakini ikija pamoja na wekundu wa kaakaa, usimpe mgonjwa vidonge vya vitamini ukamwambia arudi mwezi ujao.

Tulipokuwa na shaka, tulikwenda maabara. Mtaalamu wetu wa maabara alikuwa dada mtaratibu ambaye hakupenda kuharakishwa, na kwake nilijifunza kitu ninachokishukuru mpaka leo. Alikwangua kidogo pale utando ulipokutana na wekundu, si katikati ya utando penye uchafu wa chakula, akapaka kwenye slaidi, akadondosha tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, akafunika na kioo chembamba na kungoja. Dawa hiyo huyeyusha seli za kinywa, lakini ukuta wa fangasi unaihimili. Kisha akapunguza mwanga wa hadubini badala ya kuuongeza, kwa sababu fangasi hawana rangi na mwanga mkali unawafuta machoni. "Njoo uone, dokta," alisema. Niliona vitu vya mviringo vilivyochipua vitoto ubavuni, jinsi hamira inavyozaliana, na katikati yake nyuzi ndefu zilizojikunja zikipita kwenye masalia ya seli. "Hivi vya mviringo hata wewe unaweza kuwa navyo," aliniambia. "Nyuzi ndizo za kuogopa. Zikiwa nyingi, ujue wameingia kazini."

Alikuwa amegusa jambo ambalo hata hospitali kubwa wakati mwingine hulisahau. Candida albicans na ndugu zake wanaishi katika vinywa vya watu wengi wenye afya, hawamsumbui mtu. Ukichukua mate ya mtu mzima yeyote ukayaotesha kwenye chakula cha maabara kile cha Sabouraud, kuna uwezekano mkubwa fangasi wakaota. Kwa hiyo majibu yanayosema tu kwamba Candida wameota hayatoshi kumwita mtu mgonjwa. Ugonjwa ni macho ya mtabibu, maelezo ya mgonjwa, na nyuzi kwenye slaidi vikikubaliana. Kuotesha kuna wakati wake. Mgonjwa ametumia flukonazoli ipasavyo na utando haujaondoka, hapo ndipo unataka kujua ni fangasi gani hasa, maana Candida krusei ana usugu wa asili kwa dawa hiyo, na Candida glabrata mara nyingi huhitaji dozi kubwa au haisikii kabisa. Mwaka 1995 wanasayansi wa Dublin walitambulisha aina nyingine, Candida dubliniensis, waliyoikuta katika vinywa vya watu wenye VVU. Inafanana sana na albicans hata maabara nyingi ziliipita bila kuijua. Kwetu wilayani mambo hayo yalikuwa mbali. Ila kuyajua kulitusaidia kutomlaumu mgonjwa ambaye dawa imegoma.

Dawa zenyewe zilikuwa chache. Tulikuwa na ile dawa ya zambarau, GV, iliyopaka midomo rangi na kumtangaza mgonjwa kwa kila aliyekutana naye njiani, na wengine waliikataa kwa sababu hiyo pekee. Tulikuwa na nistatini, iliyogunduliwa na wanawake wawili wa idara ya afya ya jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950, kutoka kwenye udongo wa shamba moja huko Virginia. Hazen alikuwa jijini New York na Brown alikuwa Albany, wakitumiana sampuli kwa posta. Nimewaeleza wanafunzi wengi habari za hao kina mama, kwa kuwa mapato ya ugunduzi wao waliyatoa yote kwenye utafiti, na dawa yao bado tunaitumia. Haipiti tumboni kuingia kwenye damu, inafanya kazi inapogusa tu. Kwa hiyo mgonjwa lazima aisukutue na kuikalisha kinywani baada ya chakula, asiimeze upesi na kushushia maji.

Swali la kula nalo lina namna yake. "Unakula vizuri?" mgonjwa atajibu ndiyo, kwa heshima. Mzee aliuliza, "Chakula kinapita?" Kijana mmoja mvuvi kutoka visiwani, aliyeletwa na kaka yake, alikuwa akinywa uji uliopoa tu. Ugali alikuwa ameuacha, samaki ameacha, hata ndizi zilizopondwa. Mzee alimuuliza chakula kinakwama wapi, naye akaweka kidole katikati ya kifua. Kinywa chake kilikuwa na utando mwingi. Maumivu ya kumeza yanayoshuka mpaka kifuani kwa mtu mwenye utando kinywani yana maana kwamba fangasi wameshuka kwenye umio, na katika mpangilio wa hatua za ugonjwa wa Shirika la Afya Duniani hapo mgonjwa ametoka hatua ya tatu na kuingia ya nne, ya mwisho. Hatukuwa na mpira wa kuchungulia tumbo. Utambuzi ulifanywa kwa dawa yenyewe: mgonjwa anapewa flukonazoli ya kumeza, na kama ni fangasi, ndani ya siku chache anaanza kumeza. Isipobadilika kitu kwa takriban wiki moja, unafikiria vidonda vya virusi na kumpeleka mbele. Siku hizo flukonazoli ilikuwa ghali, haikuwepo stoo yetu. Kaka yake aliuza nyavu akaitafuta mjini. Kijana alikula samaki tena. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo, kwa kuwa dawa ya kile kilichokuwa nyuma ya fangasi haikuwa imetufikia.

Nimesema juu ya VVU kwa kirefu kwa sababu ndiko nilikotoka. Lakini kinywa chenye fangasi hakimaanishi VVU, na kulisahau hilo kumevunja nyumba za watu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimehamia Pwani, alikuja mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na utando kwenye kaakaa na sauti iliyokauka. Alikuwa amepima VVU zaidi ya mara moja, majibu safi, na alinionyesha karatasi zake moja moja. Mkewe alikuwa amerudi kwa wazazi wake. Duka moja la dawa lilimpa vidonge na ushauri ambao ulikuwa wa kumtisha zaidi ya kumtibu. Nilimwambia arudi kesho yake na mfuko wa dawa zote alizonazo nyumbani, hata zile anazoona hazihusiki, na kama inawezekana aje na mkewe.

Walikuja wote wawili. Ndani ya mfuko kulikuwa na pampu mbili za pumu. Moja ni ile ya kufungua kifua anapobanwa, hiyo haina shida. Ya pili ilikuwa ya kukinga, yenye dawa jamii ya steroidi, aliyoanzishiwa miezi kadhaa kabla ya utando kuanza. Nilimwomba anionyeshe anavyoitumia. Alivuta, akafunga mdomo, akairudisha mfukoni.

"Ukimaliza unasukutua?" nilimuuliza.

"Sikuambiwa, daktari."

"Dawa hii ni nzuri, mwalimu, na usiiache kwa sababu ndiyo inayokuzuia kulazwa. Lakini nyingine inabaki kinywani na kooni, inalegeza ulinzi wa pale pale. Kila ukivuta, sukutua kwa maji, uteme."

Mkewe alikuwa kimya muda wote. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hiyo pampu ndiyo iliyoleta?" Nikamwambia ndiyo, mama, na majibu yake ya damu niliyaona mwenyewe kwa idhini yake. Tulimpa chombo cha plastiki cha kuvutia dawa kupitia humo, ili sehemu kubwa iende kifuani badala ya kubaki kooni, na nistatini ya wiki mbili. Hakuhitaji kitu kingine.

Tangu hapo mfuko wa dawa ni sehemu ya uchunguzi wangu. Antibayotiki za muda mrefu huua vijidudu vinavyowazuia fangasi kutamba. Pridnisoloni ya kumeza hushusha kinga ya mwili mzima. Mgonjwa wa saratani aliyechomwa mionzi shingoni anakaukiwa mate, na mate ndiyo ulinzi wa kwanza wa kinywa. Mwenye kutumia dawa za saratani za kupitia kwenye mshipa anaweza kupata utando ndani ya siku chache baada ya chembe nyeupe za damu kushuka. Na kuna wazee. Bibi mmoja alikuja kwa ajili ya macho, nikamwomba atoe meno bandia ya juu. Kaakaa lake lilikuwa jekundu, na wekundu ule uliishia pale pale mpaka wa meno ulipoishia, kana kwamba umechorwa. Halikuwa likimuuma hata kidogo. Alikuwa akilala nayo. Tulizungumza juu ya kuyatoa usiku na kuyasugua, kisha nikamchoma kidole kupima sukari, na sukari ilikuwa juu sana. Macho yaliyomleta yalikuwa na sababu ile ile.

Kisukari ndicho kinachonifanya pia niwaambie vijana waangalie weusi. Fangasi wa jamii nyingine kabisa, mukori, hukaa kwenye udongo na mabaki ya mimea, na huingia puani na kwenye mashimo ya uso ya mtu ambaye sukari imemshinda. Huziba mishipa ya damu, nyama inakufa, na kaakaa linakuwa jeusi upande mmoja. India mwaka 2021, katika wimbi kubwa la UVIKO-19, waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 40,000, wengi wakiwa na kisukari na wakiwa wamepewa steroidi. Mgonjwa anakuja akisema ni jino: uso umevimba upande mmoja, meno yamelegea, pua inatoa uchafu wenye damu. Huyo hangojewi mpaka kesho. Kipande cha nyama kinaenda maabara, ambako huonekana nyuzi nene zisizo na vigawanyo, na mgonjwa anaenda kwa daktari bingwa wa upasuaji usiku huo huo, dawa ya amfoterisini B ikianza njiani ikipatikana. Flukonazoli haimsaidii.

Kwa upande wa VVU mambo yalibadilika, na kubadilika kwake nimekushuhudia kwa macho yangu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, mwanzoni kwa waliokuwa na CD4, yaani chembe za kinga, chini ya 200, kisha kiwango kikapandishwa, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU anaanzishiwa. Wodi zilipumua. Kuna wahitimu wanaofika kwetu sasa ambao hawajaona kinywa kilichojaa utando isipokuwa kwenye picha, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini pamoja na neema hiyo tochi imetoweka mezani. Mgonjwa wa CTC, kliniki ya wenye VVU, anapimwa uzito, anaulizwa kikohozi, kadi yake inaangaliwa, wingi wa virusi unasubiriwa kutoka maabara ya mkoa, na anapewa dawa za miezi kadhaa. Hakuna anayemwambia afungue kinywa. Na wanaoacha dawa wapo. Wanahama, wanaolewa, wanaombewa na kuambiwa wamepona, wanachoka. Wanaporudi, mara nyingi hawasemi kwamba waliacha.

Ndiyo maana kwenye kliniki ninayosimamia sasa nimeomba mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi yetu ya ndani, kinywa kimeangaliwa au hakijaangaliwa, na anayeandika kimeangaliwa ataje alichokiona kwenye kaakaa. Hoja si fangasi peke yao. Utando kinywani mwa mtu aliyewahi kuanza dawa unafungua maswali mengine yanayotakiwa kuulizwa siku hiyo hiyo: CD4 ni ngapi, ana kikohozi, ana jasho la usiku, mkojo upimwe kifua kikuu, na kichwa kinauma? Swali la kichwa lazima litangulie flukonazoli. Fangasi mwingine, kriptokokasi, anayeleta homa ya uti wa mgongo kwa watu wa CD4 chini ya 100, anaweza kuonekana kwenye damu kwa kipimo cha haraka kabla dalili hazijaanza. Ukimpa mgonjwa huyo dozi ndogo ya kinywa na kumruhusu aende zake, umemtibu ulimi na kuuacha ubongo.

Mwaka jana kijana wetu mmoja, tabibu mpya, alinifuata ofisini. Kulikuwa na mama muuza dagaa aliyekuja kwa ajili ya kidonda cha mguu. Kadi yake ilionyesha amechukua dawa kila tarehe. Kijana alimwomba afungue kinywa, akaona wekundu kwenye kaakaa na utando kidogo nyuma kabisa, akafuta, ukatoka. Hakusema kitu. Alifunga mlango, akamuuliza tu habari za nyumbani, na mama akaeleza kwamba dawa alikuwa akizichukua na kuzificha ghalani tangu mwanaume mpya aingie nyumbani, kwa kuwa hakujua atamwambiaje. CD4 yake ilikuwa 61. Kipimo cha kriptokokasi kwenye damu kilikuwa na majibu ya ndiyo. Kichwa kilikuwa kikimuuma kidogo, akadhani ni jua la sokoni. Tulimpeleka hospitali ya mkoa, wakachukua maji ya uti wa mgongo, hayakuwa na fangasi. Akaanzishiwa flukonazoli ya dozi kubwa, na dawa za kufubaza virusi zikarudishwa kwa mpangilio, safari hii baada ya mazungumzo ambayo mwanaume naye alihudhuria kwa hiari ya mama mwenyewe. Yule bwana alikubali kupima. Mama anaendelea kuuza dagaa, na kila anapokuja, kijana huanza na tochi.